Kilichofichwa na Nyasi

Hotuba kwa madereva na wenye matrekta wanaofyeka viwanja na mashamba ya wateja

Wazee wangu, dada zangu, vijana mnaoanza kazi hii, na nyinyi mliokuja kusikiliza kwanza kabla hamjatia fedha zenu kwenye trekta, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mashine. Nitazungumza, ila nitaanza na miguu, kwa sababu kufyeka kwa trekta kunaanza kwa miguu, na anayeiruka hatua hiyo atakuja kuilipia kwenye giaboksi.

Mteja akipiga simu husema mambo mawili. La kwanza, kiwanja ni kidogo. La pili, nyasi zimerefuka kidogo. Hakudanganyi. Anakisema kiwanja kama alivyokiacha mara ya mwisho alipopita pale, na tangu siku hiyo mvua imenyesha. Wewe ukifika unakuta nyasi zinamfika mtu kifuani, vichaka vyenye mashina ya unene wa kifundo cha mkono, na mtambaa uliofunika kitu ambacho hata mwenye kiwanja hakikumbuki. Kwa hiyo usitaje bei kwenye simu. Mwambie utakwenda kuona, na siku ya kwenda kuona, trekta ibaki nyumbani.

Zunguka mpaka wote kwanza, kisha ingia ndani kwa mistari. Vaa buti, shika fimbo. Fimbo inapiga nyasi mbele yako ili nyoka aondoke zake, halafu inachoma chini pale macho yasipofika. Beba vijiti vyenye vitambaa vyekundu, virefu kuliko nyasi, na kila unachokikuta kipigie kijiti. Kuna visiki, mawe, vichuguu, nondo zilizobaki kwenye msingi wa nyumba iliyovunjwa, vifuniko vya mashimo ya maji machafu, visima vilivyoachwa, koki na mita za maji. Kuna mawe ya mipaka pia, na hayo yaheshimuni sana. Slasha, yaani mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, ikiling'oa jiwe la mpaka, umejiingiza kwenye kesi ya majirani ambayo huenda ilianza kabla hujazaliwa.

Lakini mkiniambia nitaje adui mmoja tu, nitataja waya. Jiwe likigonga kisu, utasikia. Kisiki kikigonga, utasikia na mtaa mzima utasikia. Waya hauna kelele. Unavutwa chini ya slasha, unajisokota kwenye shafti pale visu vilipofungwa, unapanda juu na kuanza kuila sili ya oili taratibu. Siku hiyo unamaliza kazi, unalipwa, unakwenda nyumbani umefurahi. Oili inavuja kidogo kidogo, na giaboksi inakufa siku nyingine, kwenye shamba la mteja mwingine, na wewe unaanza kulaumu aliyekuuzia. Kamba za plastiki na nyavu kuukuu zina tabia hiyohiyo. Kila jioni zima injini, inua slasha, iwekee magogo imara ya kuishikilia, ndipo uchungulie chini. Haidroli, ile nguvu ya oili inayoinua slasha, peke yake haiaminiki kubeba chuma juu ya kichwa cha mtu.

Waya unaujuaje kabla haujakuingia? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu wa kazi yetu. Mimea inasema. Ukiona vichaka vimeota kwa mstari ulionyooka katikati ya nyasi, simama. Mwituni vichaka haviotei kwenye rula. Ndege hutua kwenye waya wa uzio wakiwa wameshiba matunda, wanadondosha mbegu chini yake, na baada ya miaka mbegu zimekuwa safu ya miti. Nguzo za uzio zinaweza kuwa zimeoza na kuanguka zote, safu ikabaki, na seng'enge imelala chini yake imefunikwa na majani.

Ukiona maua ya bustani yanachanua katikati ya pori, ujue hapo paliishi watu, na penye watu hapakosi msingi, shimo la taka, pengine na kisima. Kilima kidogo chenye magugu ya aina tofauti na yale yaliyokizunguka mara nyingi ni kifusi au jalala la zamani, na ndani yake kuna chupa na mabati. Sehemu iliyo kijani kibichi wakati kwingine kote kumekauka ina maji chini. Labda bomba linavuja, labda ni shimo la maji machafu lililojaa, labda ni chemchemi tu. Penye matete napo ni vivyo hivyo. Vyovyote iwavyo, trekta ya tani mbili haitaki kupita hapo, na ikizama utalipa trekta ya pili ije kuivuta.

Kisha uliza. Mwenye kiwanja hajui, nimeshasema. Muulize jirani mtu mzima: hapa palikuwa na nini? Uzio ulipita wapi? Kuna mti uliokatwa? Nyuki je? Jirani huyo atakupa bure habari ambazo zingekugharimu jozi nzima ya visu.

Sasa mashine. Slasha ya kawaida, ile yenye deki bapa, yaani kifuniko cha chuma juu ya visu, giaboksi moja juu na visu viwili chini, ndiyo ya pori na mashamba yaliyoachwa. Visu vyake havikufungwa kwa kukazwa kabisa. Vinaning'inia kwenye sahani ya chuma au kwenye mhimili, na kikigonga kisiki kinarudi nyuma badala ya kuvunjika. Wengi wakikuta kisu kinachezacheza wanadhani slasha imechoka, wanakikaza mpaka kinakuwa kama kimechomelewa. Wameondoa kinga ambayo kiwanda kiliwawekea.

Ya pili ni ile ya nyundo, yenye shafti iliyolala na visu vidogo vingi vinavyozunguka kama pipa. Inasaga nyasi ndogondogo, inarusha mawe kidogo kuliko slasha bapa, na inaacha shamba likiwa safi zaidi. Lakini inataka nguvu zaidi ya trekta, na kubadilisha visu vyake vyote ni kazi ya siku. Kando ya barabara na karibu na nyumba, mimi ningechukua hiyo.

Ya tatu ni mashine ya bustani, yenye visu vitatu na magurudumu manne kwenye pembe, inayokata karibu na ardhi na kuacha zulia. Hiyo ni kwa nyasi zinazotunzwa. Ukiipeleka kwenye bustani iliyotelekezwa miezi mingi, itakabwa, mkanda utaungua, na mteja atabaki na vipande vipande. Bustani ya namna hiyo ni kazi ya awamu. Nyasi za bustani hazipendi kupoteza zaidi ya theluthi moja ya urefu wao kwa mkato mmoja. Ukizinyoa kutoka magotini hadi kwenye udongo kwa siku moja, utaacha mashina makavu ya njano na jua litamalizia. Mkato wa kwanza uwe juu, usubiri zichipue, ushuke, usubiri tena. Mweleze mteja hivyo mapema, tena kabla hajauliza. Na matairi ya shambani yenye meno marefu yasiingie kwenye bustani iliyolowa. Makovu yake yatamkumbusha mteja jina lako kila asubuhi.

Kuhusu nguvu, kadirio linalotumika sana ni nguvu farasi 5 kwenye PTO kwa kila sentimita 30 za upana wa slasha. Slasha ya mita moja na nusu inataka 25 kwa uchache, na kwenye vichaka vinene ongeza. Soma vizuri: ni nguvu inayofika kwenye PTO, na hiyo huwa ndogo kuliko namba iliyoandikwa ubavuni mwa boneti.

PTO yenyewe, kwa wageni, ni ile shafti fupi yenye meno inayotokeza nyuma ya trekta na kuizungusha slasha. Kwa trekta nyingi za kazi yetu inazunguka mara 540 kwa dakika. Gawanyeni wenyewe: mara 9 kwa sekunde. Ncha ya koti, uzi wa buti, kanga, ukigusa shafti isiyo na kava, kabla hujasema "jamani" umeshavutwa. Hakuna mtu mwenye mikono myepesi kiasi hicho. Kava ya propela shafti, ile shafti ndefu inayounganisha PTO na slasha, ikivunjika, kazi inasimama mpaka ipatikane nyingine, na hapo sijali mteja anaharakisha kiasi gani. Kushuka kwenye trekta ni baada ya PTO kuzimwa, injini kuzimwa, funguo mkononi, na visu kusimama kabisa. Visu vizito vinaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya injini kunyamaza.

Giaboksi inaongeza mwendo huo, kiasi kwamba ncha ya kisu inakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Jiwe likipigwa kwa mwendo huo linaweza kuruka mita 100. Ndiyo sababu minyororo ya kuning'inia mbele na nyuma ya slasha ipo, na ndiyo sababu nasikitika nikiona slasha imekatwa minyororo yake eti inazuia nyasi. Mtoto akisogea kutazama, na watoto watasogea, simamisha visu. Usimpungie mkono aondoke huku visu vinazunguka. Ukiwa karibu na madirisha au magari, tazama mdomo wa slasha unatupa upande gani, uugeuzie ndani ya shamba.

Kosa linaloonekana kila mahali ni kupunguza akseleta nyasi zinapokuwa nzito. Unapunguza mwendo wa trekta, na visu navyo vinapoteza mwendo. Vinaacha kukata, vinaanza kupigapiga na kulaza. Weka akseleta ya mkono kwenye alama ya 540 kwenye dashibodi na uiache hapo. Unataka kwenda polepole? Shusha gia. Injini ikilalamika hata kwenye gia ya chini kabisa, kata nusu ya upana wa slasha tu.

Pori refu likate mara mbili. Mara ya kwanza slasha iwe juu, uangushe kile kilichosimama ili uone ardhi. Ukishaiona, shuka tena mara nyingine ukielekea upande wa pili wa ulikotoka, kwa sababu nyasi zilizolazwa na tairi huinuka zikikutazama kutoka upande ule. Kwa mashamba, kuacha sentimita 10 hadi 15 kunatosha: kisu hakigusi udongo, na udongo haubaki uchi. Kabla ya kuanza, pima deki pale iliposimama kwenye ardhi tambarare. Mbele iwe chini kidogo kuliko nyuma, sentimita moja au mbili. Ikiwa nyuma ndiyo iko chini, visu vinakata nyasi zilezile mara ya pili, unachoma dizeli bure.

Makali ya kisu cha slasha hayahitaji kuwa ya wembe. Ukikinoa mpaka kiwe chembamba, jiwe la kwanza litakikunja. Acha ncha yenye unene wa milimita moja na nusu hivi. Noa vyote viwili kwa usawa, na kikifa kimoja badilisha jozi, la sivyo uzito hautalingana na mtetemo utakula beringi.

Halafu kuna boliti. Kwenye propela shafti kunakuwa na boliti laini iliyowekwa ikatike slasha inapokwama, au kunakuwa na klachi inayoteleza. Boliti ikikatika mara tatu kwa siku, fundi wa njiani atakupa boliti ngumu "isiyokatika". Kweli haitakatika. Kitakachokatika ni giaboksi. Beba boliti za aina sahihi kwenye kopo, na ujiulize kwa nini zinakatika. Mara nyingi jibu ni kwamba hukutembea.

Klachi ina ugonjwa wake. Slasha ikilala nje msimu mzima, sahani za klachi zinashikana kwa kutu, na klachi iliyoshikana ni chuma kitupu. Kila mwanzo wa msimu legeza nati zake kidogo, chora alama kwa chaki ikivuka sahani, washa PTO kwa muda mfupi na uzime. Alama zikiachana, imeteleza. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu chake.

Nitoke kidogo nje ya mada. Mikono mitatu ya haidroli inayobeba zana nyuma ya trekta, tunayoiona kama vile imekuwepo siku zote, tunaidai kwa Harry Ferguson, mtu wa Ireland. Mfumo wake ulienea hasa kuanzia 1939, alipoungana na Henry Ford kutoa trekta yenye mikono hiyo. Kabla yake zana nyingi zilikokotwa tu, na zana ikinasa kwenye kisiki, trekta iliweza kunyanyuka mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma. Nalitaja hilo kwa sababu bado kuna watu wanaofunga mnyororo kwenye ekseli ya trekta au sehemu yoyote ya juu na kung'oa kisiki "kwa dakika mbili tu". Wanajirudisha kabla ya 1939. Mzigo wa kuvuta unafungwa chini, kwenye baa ya kuvutia. Kama kisiki kimekataa, kiwekee kijiti ukizunguke.

Kupinduka ndiko kunakowaua madereva wa trekta kuliko kitu kingine, na mteremko ulioota nyasi ndefu ni mahali pake hasa. Tairi la upande wa juu linapanda kichuguu ambacho hukukiona, la chini linaingia shimoni, na limekwisha. Mteremko mkali usiukate kwa kupita ubavuni. Panda kinyumenyume ushuke ukitazama mbele, slasha ikiwa chini karibu na ardhi. Magurudumu ya nyuma yaliyokaribiana yapanuliwe nafasi kati yake. Kama mteremko unakutia mashaka ukiwa umesimama kwa miguu yako, utakutia mashaka zaidi ukiwa umekaa juu, na hiyo ni kazi ya watu wenye mashine za mkononi. Kumwambia mteja "sehemu ile siwezi" hakukupunguzii heshima.

Sweden ililazimisha trekta mpya ziwe na fremu ya kinga, yaani vyuma vinavyomlinda dereva trekta ikipinduka, kuanzia 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana huko. Fremu inafanya kazi pamoja na mkanda. Penye fremu funga mkanda, ili ukae ndani ya ile nafasi inayolindwa. Trekta isiyo na fremu mkanda usifungwe, na kwa kweli isipelekwe kwenye mteremko kabisa. Zile fremu za kukunja watu wanazikunja wapite chini ya matawi, halafu wanasahau kuzisimamisha, na hivyo ndivyo wanavyopanda mlima.

Wanyama nitawasema kwa ufupi. Tulizoea kuanza ukingoni na kuzunguka tukielekea katikati. Kila kilichokuwa shambani kinajikusanya katikati, na mzunguko wa mwisho unakimaliza. Anza katikati utoke nje, au anza upande wa barabara uelekee upande wenye pori, wapate pa kukimbilia. Huko Ulaya wanafanya hivyo kumwokoa ndege wa nyasini aitwaye Crex crex, ambaye makinda yake hayathubutu kukatiza sehemu iliyokatwa. Watoto wa paa ni taabu zaidi kwa sababu hawakimbii kabisa, hulala kimya wakingoja hatari ipite. Ujerumani wakulima hurusha droni yenye kamera ya joto alfajiri, ardhi ikiwa bado baridi, waone walipolala. Sisi tusio na droni tuna miguu. Na nyuki: ukikuta mzinga, kazi ya upande huo inangoja mwenye ujuzi wa nyuki. Trekta haikimbii haraka kuliko wao.

Moto ni sura nyingine. Nyasi kavu hujaa kwenye bomba la moshi na mbele ya rejeta, na kisu kikigonga jiwe hutoa cheche. Msimu wa kiangazi kata asubuhi, upepo ukivuma acha, kila saa simama upulize makapi. Mtungi wa kuzimia moto ukae mahali unapofikika ukiwa umeshuka, maana hutaki kupanda tena kwenye trekta inayowaka ili kuuchukua. Najua asubuhi ina umande na nyasi mbichi hujikusanya mafungu mafungu. Kwenye bustani mafungu hayo yatawanyeni, yataua nyasi za chini. Kwenye shamba kavu, mimi nachagua mafungu.

Basi tuje kwenye bei, ambayo najua ndiyo iliyowaleta wengine hapa.

Chukua slasha ya mita moja na nusu, mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Upana mara mwendo ni mita za mraba 7,500 kwa saa. Toa kugeuza, toa kupishana mistari ili usiache mikia, ibaki kama 6,000. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047, kwa hiyo umeimaliza kwa dakika 40. Hiyo ni ekari ya nyasi za magotini, iliyokatwa mwaka jana.

Sasa chukua ekari nyingine, jirani yake, iliyoachwa miaka mitano. Mwendo unashuka nusu. Unakata nusu ya upana. Umebaki na 1,500 kwa saa, yaani saa mbili na dakika 40 kwa mkato wa kwanza, halafu rudia mkato wa pili. Zaidi ya saa tatu, visu vimechakaa, dizeli imekwenda, na ni ekari ileile kwenye karatasi. Anayetoza kwa ekari bila kuona anacheza kamari, na anayeshinda kamari hiyo mara nyingi ni mteja. Anayetoza kwa saa tu naye anamtia mteja wasiwasi, kila ukisimama kupuliza rejeta anatazama saa yake. Mimi napendelea bei ya kazi nzima, iliyotajwa baada ya kutembea, yenye sharti moja lililoandikwa: kitu kilichofichika ambacho mwenye kiwanja hakukionyesha, gharama yake ni ya nani. Liandikwe kabla, kwa lugha ya kawaida, wote wawili waweke sahihi.

Kuna gharama ambayo vijana wengi hawaihesabu, nayo ni kuipeleka trekta. Kupakia kwenye trela, kufunga minyororo, kusafiri, kushusha, kurudi. Kiwanja kidogo kilicho mbali kinaweza kukula nusu siku kwa kazi ya dakika 20. Kwa hiyo weka kiwango cha chini ambacho hutoki nyumbani bila hicho, na usione haya kukitaja. Ukipata kazi upande mmoja, wapigie wateja wengine wa upande huohuo. Trekta ikishashuka kwenye trela, kiwanja cha pili ni nafuu kwako na kwake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila kazi: ukubwa, urefu wa nyasi, saa za injini, lita za dizeli, boliti na visu vilivyokwenda. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litajua bei kuliko wewe. Piga picha kabla na baada, hasa uzio, ukuta, dirisha ambalo tayari lina ufa. Na bima inayogharamia vitu vya watu wengine ikiwa inapatikana ulipo, ikate. Soma kama inahusu vitu vilivyorushwa na slasha. Nyingine hazihusu.

Mteja naye anadai ukweli kwako. Mwambie mapema kwamba shamba likishafyekwa halitakuwa zulia, litakuwa na visiki vifupi na rangi ya majani makavu kwa muda. Mwambie kwamba vichaka vingi vitachipua kutoka kwenye shina, kwa sababu slasha inakata na mizizi inabaki, na kwamba mashina yaliyokatwa kimshazari hutoboa matairi na viatu. Akitaka visirudi, itabidi kung'oa au kurudia kukata mpaka mizizi ichoke. Wako wanaomwahidi mteja kwamba wameyamaliza magugu yote. Mwakani mteja anawatafuta, na simu haipokelewi. Mimi ningemwambia hivi: ukiniita mara mbili kwa mwaka, bei ya kila mara itashuka. Na itashuka kweli, daftari litaonyesha.

Magugu yakatwe kabla hayajazaa mbegu. Ukiyakuta yameshakauka na kuzaa, unayapandia mwenyewe, na mbaya zaidi unayabeba kwenye deki kwenda kwa mteja wa pili. Gugu karoti limesafiri hivyo kwenye mashine za watu wengi, na mmea mmoja unatoa maelfu ya mbegu. Safisha slasha juu na chini kabla hujaondoka shambani, palepale ulipoyakuta magugu. Kusafisha nyumbani kwako ni kuyahamishia kwako.

Kijana wa nyuma kule ameniuliza, kabla sijapanda hapa, kama anaweza kuanza na trekta ya kukodi. Anaweza, na kwangu ni busara kuliko mkopo wa trekta kwa mtu asiye na wateja. Ila ukikodi, mara nyingi utapewa ya zamani, na zamani PTO na magurudumu yaliendeshwa na klachi moja. Ukikanyaga klachi usimame, visu bado vinazunguka, na uzito wao unarudisha nguvu kwenye giaboksi ya trekta na kuisukuma mbele. Unakanyaga, na trekta inaendelea kuelekea kwenye uzio. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachovalishwa kwenye shafti ya PTO, kinachozunguka upande mmoja tu, ili slasha isiweze kuizungusha trekta. Muulize mwenye trekta kama kipo. Akikutazama kama hajakuelewa, nunua chako, hakiuzwi ghali ukilinganisha na uzio, halafu pima upya urefu wa propela shafti, kwa sababu kifaa hicho kinaiongezea urefu, na shafti iliyozidi urefu itabana na kuvunja beringi siku ya kwanza utakapoinua slasha. Kava, breki, mkanda na fremu kagua hapohapo kwa mwenye trekta, kabla hujalipa.